Mguu wa Bibi na Saa Zilizopotea Angani

"Rudisha hicho kikombe! Mpe Mama maji yake!"

Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kushonea, mkasi mkononi, tepu ya kupimia shingoni. Sauti yake ilifika hadi barabarani. Mumewe hakurudisha kikombe. Alikiinua juu zaidi, kama mtu anayemnyima mtoto kichezeo.

"Mama anasafiri kesho," alisema. "Msafiri hanywi maji hovyo. Nina miaka ishirini na mbili barabarani. Ukinywa maji, utataka kusimama. Ukisimama, unachelewa. Hiyo ndiyo sheria ya safari."

"Hiyo ni sheria ya lori! Mama yako si lori!"

"Safari ni safari."

"Basi mjaze na dizeli kabisa!"

Bibi alikuwa ameketi kati yao, kwenye kiti cha wateja, mguu wake wa kushoto juu ya stuli. Alikitazama kikombe kikienda huku na huku hewani.

"Mwenye kiu ni mimi," alisema. "Mbona hakuna anayeniuliza?"

Hakuna aliyemsikia. Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile tangu tiketi ifike. Mama mtu mzima, mwenye akili zake, aliyelea watoto sita, alikuwa anapangiwa kila kitu hadi maji ya kunywa.

Mumewe Fundi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Wenzake walimwita Masafa, na jina hilo lilimkaa mpaka hata mama yake alilitumia. Ukimtajia mji wowote wenye barabara, Masafa alikutajia umbali wake, milima yake na mahali pa kupumzisha injini. Alijivunia jambo hilo. Shida yake ilikuwa moja tu: alidhani dunia nzima ni barabara.

Safari ya Bibi ilikuwa ya kwenda kwa binti yake wa mwisho. Binti huyo aliishi mbali sana, ng'ambo ya bahari, yeye na mumewe. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila alipopiga simu alisema neno moja: "Mama, njoo." Mumewe akatuma tiketi. Bibi alilia siku hiyo, halafu akaanza kupanga nguo.

Lakini kabla ya tiketi kulikuwa na mguu. Bibi aliteleza pale kwenye sakafu ya kufulia, akavunjika mfupa juu kidogo ya kifundo. Akafungwa plasta wiki sita. Plasta ilitolewa wiki iliyopita. Siku hiyo daktari aliuliza, "Bibi ana safari yoyote ndefu karibuni?"

Bibi alifungua mdomo ajibu. Masafa akamtangulia.

"Fupi tu, daktari. Saa tano."

Kwa dereva wa lori, saa tano ni za kupashia injini moto. Daktari hakuuliza kama ni safari ya gari au ya ndege. Nje foleni ilikuwa ndefu. Aliitikia kwa kichwa, akaita mgonjwa mwingine.

Hizo saa tano Masafa alizipata wapi? Alizipata kwenye ujumbe wa simu. Wakala wa tiketi alikuwa ameandika hivi: kuondoka saa tatu asubuhi, kuwasili saa nane mchana, siku hiyo hiyo. Masafa akatoa tatu kwenye nane.

"Tano," alisema. "Hesabu ya darasa la pili."

Akampigia wakala kuhakikisha. Wakala akacheka kwa raha zake. "Ndiyo, mzee. Asubuhi anaondoka, mchana ameshafika. Bibi atasinzia kidogo tu, akiamka yuko kwa mwanawe."

Tangu siku hiyo, ukimwambia Masafa neno lolote kuhusu safari, jibu lake lilikuwa saa tano. Bibi atakula nini njiani? Saa tano tu, atakula akifika. Bibi atakaa kiti gani? Popote, ni saa tano tu. Mguu wa Bibi je? Saa tano!

"Halafu huo mguu," Fundi alisema sasa, akinyoosha mkasi kuelekea kwenye stuli. "Umeutazama leo? Jana jioni ulikuwa hivi?"

"Mguu uliotoka kwenye plasta huvimba. Kila mtu anajua. Nitaukanda kwa mafuta ya moto, asubuhi utakuwa laini."

"Utaukanda! Wewe ukikanda chapa ya gurudumu inabaki!"

Masafa akaja juu. "Mke wangu, huyu ni mama yangu mimi. Nimezaliwa naye mimi."

"Umezaliwa naye? Lo! Kumbe ni pacha wako." Fundi alimpokonya kikombe, maji yakamwagika nusu, nusu nyingine akampa Bibi. "Kunywa, Mama. Atakayekuzuia apite kwenye mkasi huu kwanza."

Bibi alikunywa yote bila kupumua.

Hapo ndipo mtu alipobisha hodi.

Aliyeingia alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa ndege. Sasa alifundisha wahudumu wapya chuoni. Watoto wa mtaani walimwita Da Mkanda, kwa sababu akipanda gari la mtu yeyote, hata likiwa limesimama, husema, "Mkanda umefungwa?" Siku hiyo alikuja kuchukua makoti ya wanafunzi wake, ambayo Fundi alikuwa ameyashona.

"Nimesikia kelele tangu kule kwenye kona," alisema. "Nikadhani mnauza kitu kwa mnada."

"Tunamuuza shemeji yako," Fundi alisema. "Bei poa."

Da Mkanda alicheka. Akachukua koti moja, akageuza mshono wa bega, akaridhika. Alipokuwa anakunja la pili, macho yake yakatua kwenye stuli. Akaliweka koti chini.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo mguu vipi?"

Bibi akashangaa kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumuuliza yeye. "Unanivuta hapa nyuma," alisema, akagusa shavu la mguu, chini ya goti. "Tangu jana. Una moto. Nikisimama ndiyo zaidi."

"Na ule mwingine?"

"Ule mzima, hauna neno."

"Shoga, niazime tepu yako," Da Mkanda alimwambia Fundi.

Fundi hakumpa. Alipima mwenyewe, maana tepu ilikuwa yake na mkono wake haukosei. Alizungusha tepu kwenye shavu la mguu wa kulia. Kisha akazungusha mahali pale pale kwenye mguu wa kushoto. Akatazama. Akapima tena.

"Wa kushoto umezidi inchi moja na nusu," alisema. Ukali wote ulikuwa umetoka katika sauti yake.

"Ni plasta," Masafa alisema.

"Huenda," Da Mkanda alisema. "Huenda pia siyo. Mimi si daktari, shemeji. Lakini kazini tulifundishwa jambo hili mpaka tukaliota. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na moto, ukauma nyuma, hasa wa mtu aliyetoka kwenye plasta, haukandwi. Usiuguse na mafuta yako. Unapelekwa hospitali. Leo."

"Leo haiwezekani. Kesho asubuhi ana ndege."

"Ndege ya kwenda wapi?"

Masafa akautaja mji. Da Mkanda akamtazama kama mtu aliyeona gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni.

"Kule? Na mguu huu? Saa zote zile?"

"Zote zipi? Saa tano!"

"Nani kakwambia saa tano?"

"Tiketi! Inaondoka saa tatu, inafika saa nane. Toa mwenyewe!"

Fundi alivuta kiti. "Da Mkanda, mwambie. Mimi nimesema tangu wiki iliyopita kwamba hizo saa hazinikai akilini. Naambiwa mimi najua vitambaa tu."

Da Mkanda aliketi. Hakuwa na haraka, lakini hakuwa na utani tena.

"Shemeji, twende kwa hesabu yako wewe, ya lori. Lori likiwa limepakia, wastani wako ni ngapi kwa saa?"

"Sitini. Barabara ikiwa nzuri."

"Kilomita mia sita utatumia saa ngapi?"

"Kumi. Mtoto yeyote anajua."

"Ndege kubwa ya abiria inakwenda kama kilomita mia nane na hamsini kwa saa. Kutoka hapa hadi kule kwa dada yako ni kilomita kama elfu kumi na moja. Nimekwenda huko mpaka viti vikanijua. Piga hesabu."

Masafa alitoa simu akabonyeza. Akatazama. Akafuta, akabonyeza upya.

"Haiwezi kuwa," alisema.

"Sema ngapi."

"Kumi na tatu. Kasoro kidogo."

"Saa kumi na tatu, ukiwa umekaa kwenye kiti," Da Mkanda alisema. "Hujaweka saa tatu za kuwahi uwanjani, wala foleni za kule mwisho. Mtu akitoka hapa mpaka aingie nyumbani kwa mwanawe, ni siku nzima."

"Sasa zile nane zimekwenda wapi?" Masafa aliuliza. Alikasirika kama mtu aliyeibiwa. "Tiketi inasema saa nane mchana! Inadanganya?"

"Haidanganyi. Saa ya kuondoka ni ya hapa. Saa ya kufika ni ya kule. Jua haliwaki sehemu zote kwa wakati mmoja. Hapa kukiwa mchana, kwingine ndio kwanza kunapambazuka. Kwa hiyo kila mahali watu wana saa yao. Ukitoa saa ya hapa kwenye saa ya kule, unatoa embe kwenye chungwa."

Bibi alipiga paja lake.

"Ndiyo maana!" alisema. "Nikimpigia mwanangu tukishakula chakula cha mchana, huwa anapiga miayo. Ananiambia, 'Mama, nimeamka sasa hivi.' Nilidhani ni uvivu wa mimba!"

Wote wakageuka kumtazama.

"Unampigia saa ngapi, Bibi?" Da Mkanda aliuliza.

"Saa nane hivi mchana."

"Naye kule ni saa ngapi?"

"Alinitajia siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi Bibi ndiye mwenye jibu. Saa nane mchana hapa ni saa kumi na mbili asubuhi kule. Kule wako nyuma yetu kwa saa nane. Shemeji, chukua tano zako, ongeza nane."

"Kumi na tatu," Masafa alisema polepole.

"Kesho ndege ikitua kule saa nane mchana, hapa nyumbani itakuwa saa nne usiku. Nyinyi mmeshafunga milango. Na akirudi, mambo yanageuka. Ukitoa saa kwa mtindo wako utapata saa ishirini na moja, na njia ni ile ile. Ndege haijachoka, ni saa za miji tu. Ndiyo maana mtu hatoi kichwa kichwa. Anauliza: muda wa safari yenyewe ni saa ngapi? Umeandikwa kwenye tiketi kamili. Na kama haukuandikwa, wakala lazima akwambie."

"Wakala alicheka," Masafa alisema.

"Alicheka!" Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. "Mtu anauza tiketi ya kuvuka nusu ya dunia, anaulizwa swali moja la maana, anacheka! Na wewe ukacheka naye. Na Mama alikuwa hapa hapa, anajua mwanawe anaamka saa ngapi, hamkumuuliza hata siku moja. Mlikuwa mnamtuma kama kifurushi!"

"Mke wangu..."

"Usiniite mke wangu. Mimi najua vitambaa tu."

Masafa aliutazama mguu wa mama yake, kwa mara ya kwanza kweli. Halafu akajaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini.

"Lakini tukienda hospitali sasa, tutakaa foleni mpaka jioni. Labda hata kulazwa. Ndege itatuacha. Na mtoto yule kule anamsubiri mama yake. Miaka tisa, Da Mkanda. Miaka tisa."

Hilo lilikuwa jambo la kweli, na kila mmoja alilijua.

Bibi alishusha mguu kutoka kwenye stuli. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu, lakini alishika meza ya cherehani akasimama.

"Masafa," alisema. "Huyo mtoto anamsubiri bibi anayepumua. Leta viatu vyangu."

"Mama, usitembee, nitakubeba."

"Leta viatu, halafu ndiyo ubebe. Siendi hospitali miguu mitupu kama mwizi."

Walikwenda kwa gari la Da Mkanda. Bibi alikaa kiti cha nyuma, mguu juu ya mapaja ya Fundi. Kabla ya kuondoka, Da Mkanda aligeuka.

"Sisemi kitu," alisema.

"Tumefunga," wakajibu wote.

Hospitali walimkuta daktari yule yule. Aliposikia neno ndege, aliweka kalamu mezani.

"Wewe si uliniambia safari fupi?" alimwambia Masafa.

"Nilidhani saa tano, daktari."

"Hata hizo tano za ndege kwa mguu uliotoka kwenye plasta si fupi! Ungesema ndege, ningempima siku ile ile."

"Na wewe daktari," Fundi alisema, "mbona ulimuuliza yeye? Mwenye mguu alikuwa amekaa mbele yako. Ulimi anao. Ungemuuliza Bibi, Bibi angekwambia ndege."

Daktari alimtazama Fundi. Alionekana kama anataka kubisha. Kisha akavuta kiti chake, akakaa mbele ya Bibi, uso kwa uso.

"Ni kweli," alisema. "Bibi, nisamehe. Niambie mwenyewe. Maumivu yalianza lini? Unapumua vizuri? Kifua kinauma?"

Bibi alieleza yote, taratibu, bila kukatizwa. Alisema kifua hakina shida. Kisha akapelekwa kwenye kipimo cha picha, kile wanachopimiwa wajawazito. Walimpaka mafuta ya baridi kwenye mguu, wakapitisha kifaa. Picha ilipotoka, daktari aliita familia yote.

"Damu imeganda ndani ya mshipa, hapa nyuma ya goti," alisema. "Mtu akikaa muda mrefu bila kutembea, damu ya miguuni inakwenda polepole, kama maji kwenye mfereji ulioziba. Mguu uliokaa kwenye plasta ndio rahisi zaidi kupata shida hiyo. Ikiganda, kipande kinaweza kukatika, kikasafiri hadi kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa ghafla. Mngemkalisha kwenye kiti saa kumi na tatu, magoti yamekunjwa, na hivi mlivyoniambia alinyimwa maji..."

Daktari aliiweka picha mezani, mbele yao.

"Nilikuwa nataka kuukanda," Masafa alisema.

"Usithubutu. Tumewahi. Kuna sindano na vidonge vya kuzuia damu isigande zaidi. Ataanza leo, na leo atalala hapa. Kuhusu ndege, asahau kwa sasa. Atameza dawa, atarudi nimpime, na mimi ndiye nitakayesema lini. Akisharuhusiwa, achukue kiti cha pembeni mwa njia, ili anyanyuke kila saa moja au mbili atembee. Akiwa amekaa, achezeshe vifundo vya miguu. Na maji anywe!"

"Hata akitaka kwenda chooni mara nne?" Masafa aliuliza.

"Hasa akitaka kwenda chooni mara nne. Huko ndiko kutembea kwenyewe."

Fundi alimtazama mumewe, kisha akaenda kumtafutia Bibi kikombe cha maji.

Wodini, Bibi aliomba simu. Masafa alitaka kupiga yeye, aeleze kwa ustadi. Bibi alinyoosha kiganja mpaka simu ikawekwa juu yake. Ilikuwa jioni. Kule kwa binti yake kulikuwa bado asubuhi.

"Mwanangu, sitakuja kesho," alisema. Akaeleza habari yote kwa maneno machache. Mguu. Damu. Dawa. Hakupamba.

Upande wa pili kulisikika kilio. Kisha, katikati ya kilio, hasira.

"Lakini kaka aliniambia mguu umepona kabisa! Alisema unaruka kamba!"

"Kaka yako alisema mengi."

"Mama, nilikutaka wakati wa kujifungua."

"Najua, mama yangu. Na mimi nilitaka. Nimelia humu ndani ya moyo."

"Basi tulia huko mpaka daktari aseme. Mtoto nitamzaa, nitamlea, atakukuta. Nguo na maziwa nitanunua. Mama siwezi kununua."

Bibi alifuta macho kwa ncha ya shuka la hospitali. Akampa Masafa simu.

"Sasa mpigie yule wa tiketi," alisema. "Hapa hapa. Nikisikia."

Masafa alipiga. Wakala alipokea kwa furaha ile ile.

"Mzee! Mmeshafunga mizigo?"

"Mama yangu hasafiri kesho. Amelazwa. Futa safari ya kesho, tutakwambia tarehe mpya daktari akiruhusu."

"Ah, mzee, sasa mnataka kusumbuana. Kubadilisha kuna adhabu yake. Si mumpe dawa ya maumivu tu? Safari yenyewe ni ya saa tano."

Fundi alimwona mumewe akivimba shingo. Alikuwa ameolewa naye miaka mingi, na hasira hiyo aliijua. Kwa kawaida ilimwangukia mtu asiyehusika. Leo, angalau mara hii, ilikuwa inakwenda mahali pake.

"Tano?" Masafa alisema. "Wewe bado unasema tano? Kutoka hapa mpaka kule ni kilomita elfu kumi na moja. Ukizimaliza kwa saa tano, ndege yako inakwenda kilomita elfu mbili na mia mbili kwa saa. Una ndege hiyo? Nitajie! Hiyo si ndege ya abiria, ni risasi! Safari ni saa kumi na tatu, kijana. Ulikuwa unajua au hujui? Kama ulikuwa unajua, ulinidanganya. Kama hujui, unauza kitu usichokijua. Chagua moja!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Muuguzi aliyekuwa anapita na dawa alisimama kusikiliza.

"Mzee, mimi nasoma tu saa zilizoandikwa..."

"Na mimi nilisoma tu saa zilizoandikwa! Wote wawili tulisoma kama vipofu, na mama yangu alikuwa karibu kulipia upofu wetu kwa uhai wake. Tofauti ni kwamba mimi ni dereva wa lori. Wewe hiyo ndiyo kazi yako. Kuanzia leo, mtu akija hapo kwako, umwambie muda wa safari yenyewe. Umuulize kama ni mgonjwa, kama amevunjika, kama ametoka kupasuliwa. Mwulize msafiri mwenyewe, si mwanawe!"

Fundi alikunja mikono kifuani. Maneno hayo ya mwisho aliyajua yalikotoka. Aliyaacha yapite.

"Sawa, mzee," wakala alisema. Furaha ilikuwa imemwishia. "Kwa hiyo nifute?"

Masafa alikaribia kusema tena futa. Kisha akajizuia. Akainama kitandani, akaweka simu karibu na uso wa mama yake.

"Mama," alisema. "Anauliza afute?"

Bibi hakuwa na haraka. Alijiweka sawa kwenye mto.

"Futa, mwanangu," aliiambia simu. "Na ukishafuta, nitumie ujumbe nione. Nasubiri."

Walisubiri. Muuguzi naye alisubiri, sinia la dawa mkononi. Simu ikatetemeka. Fundi aliusoma ujumbe, kisha akausoma tena kwa sauti: safari ya kesho imefutwa, tiketi imehifadhiwa kwa tarehe nyingine.

"Haya," Bibi alimwambia muuguzi, akavuta gauni lake juu ya goti na kunyoosha mguu. "Choma sindano yako. Mguu huu bado nauhitaji."